Kupata Pesa Nzuri Bila Kumla Jirani

Nenda soko la Kibuye Jumapili asubuhi, upande wa nafaka na omena, dagaa wa ziwani, ukaangalie mikebe. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili, kila mtu anaujua, na mteja hulipia ujazo wake. Lakini si kila gorogoro ni gorogoro. Kuna ile iliyopigwa kitako kwa nyundo mpaka ikabonyea ndani. Ukiitazama kwa juu imejaa hadi ukingoni, na muuzaji anakutupia kiganja kimoja cha omena cha nyongeza, nawe unaenda zako ukishukuru. Kiganja hicho kilikuwa chako tangu mwanzo.

Naanza na mkebe kwa sababu watu wengi wanaouliza kama mtu anaweza kupata pesa nzuri huku akiwahudumia wenzake huwa wanauliza swali la sadaka. Nikishapata, nitoe kiasi gani? Wanataka waambiwe asilimia. Mimi naona swali hilo limeshikwa mkiani. Muuzaji wa mkebe uliobonyea anaweza kutoa fungu la kumi kila Jumapili na kuchangia kila matanga kijijini kwao, na bado kila anapopima anaiba. Tazama kwanza shilingi inavyoingia. Inavyotoka tutaizungumzia baadaye.

Haya nayaandika kwa aliye Kisumu, Mbita, Usenge au Homa Bay, mwenye mtaji kidogo au ujuzi fulani, anayetaka kuishi vizuri na kulala usingizi. Simwandikii anayetaka kuwa maskini mtakatifu. Huyo hahitaji mwongozo.

Mteja akifanikiwa, wewe unapata au unapoteza?

Fikiria mteja wako mambo yake yamenyooka: amepona, amevuna, deni limekwisha. Siku hiyo wewe uko wapi? Mwenye agroveti pale Ahero aliyemuuzia mkulima wa mpunga mbegu nzuri na kumweleza wakati wa kuziotesha, msimu ujao atamwona mkulima huyo akirudi na jirani yake. Mavuno ya mteja ni faida yake. Shailoki aliyemkopesha mkulima huyo huyo kwa riba ya kila wiki, akamshikia kitambulisho na kadi ya benki, anaomba kimoyomoyo deni lisiishe. Wote wawili wako barabara moja, wote huitwa wafanyabiashara, na huenda wanakaa benchi moja kanisani. Kabla ya kukodi chumba cha biashara, jua wewe ni yupi kati ya hao.

Jibu huwa halionekani kirahisi hivyo kila mahali. Niliwahi kuingia kliniki moja mjini nikiwa na mafua na kichwa kinagonga. Nusu saa baadaye nilitoka na malaria na taifodi, sindano mbili na mfuko wa antibiotiki. Wakazi wa kando ya ziwa mnawajua mapacha hao, malaria na taifodi. Ni nadra kumwona mmoja bila mwenzake. Kipimo cha Widal, kinachotumiwa kwa taifodi katika kliniki nyingi, kinajulikana kuwa si cha kutegemewa kikiwa peke yake. Yule daktari simwiti mwizi. Nadhani alikuwa na kodi ya mwezi, na kliniki yake ilikuwa inakula kwa vipimo na sindano. Angeniambia nikalale na kunywa maji, angekuwa amenitibu vizuri na kukosa hata shilingi.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza wa vitendo ulipo. Kama wewe ni afisa wa kliniki unayetaka kufungua kituo Nyalenda au Manyatta, toza ada ya kukuona, iliyoandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na uitoze iwe umetoa dawa au hukutoa. Wateja watalalamika mwanzoni, kwa kuwa tumezoea kulipia kitu tunachobeba mkononi. Vumilia. Ada hiyo ndiyo itakayokupa uwezo wa kumwambia mtu ukweli bila wewe kushinda njaa. Fundi wa simu vivyo hivyo: atoze kuichunguza simu, ili asilazimike kubadilisha skrini ambayo haikuwa na tatizo.

Na yule muuzaji mwaminifu wa Kibuye je, mwenye mkebe mzima? Nisikudanganye. Uaminifu peke yake haumletei mtu wateja. Mkebe wake na ule uliobonyea inafanana kwa juu, na yeye bei yake iko juu kidogo kwa sababu kilichomo ni kingi zaidi. Mteja anapita. Niliwahi kumsikia mama mmoja akiulizwa, "Mama, mbona yako ghali?" Hakubishana. Aliumwaga mkebe, akaugeuza, akamwonyesha kitako. "Pitisha mkono, nyathina." Mteja alipitisha mkono, akacheka, akanunua mbili. Kwa hiyo uaminifu wako uweke mahali unapoweza kushikwa. Ada iwe ukutani, mzani uelekee kwa mteja, na tarehe ya dawa kuharibika aisome mwenyewe. Mwaminifu anayengoja tu watu wamgundue atafunga duka kabla hawajamgundua.

Mashua ni ya nani?

Ufuoni mambo haya yana giza zaidi, na ndiko yanakofundisha zaidi.

Kwa miaka mingi, upande wetu wa ziwa, wanaume wamekuwa wenye mashua na wanawake ndio wanaonunua, kukausha, kukaanga na kupeleka sokoni. Samaki walipozidi kupungua na wanunuzi kuongezeka, mvuvi alikuwa na uwezo wa kuchagua amuuzie nani. Ndipo neno jaboya, ambalo kwa Kijaluo lilikuwa tu la kumtaja mteja wa samaki, likapata maana ambayo watu huitamka kwa sauti ya chini: mwanamke anayelala na mvuvi ili mzigo usimpite. Wasiojua hudhani alikuwa anapewa samaki bure. Alikuwa analipa pesa taslimu, kisha analipa tena kwa mwili. Kaunti za Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya ukimwi nchini, na biashara hii ina sehemu yake katika hilo.

Semina zilifanyika. Mabango yaliwekwa. Mama aliyehudhuria semina Jumanne alirudi ufuoni Jumatano alfajiri, na mashua bado ilikuwa ya mvuvi.

Karibu na mwaka 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru, huko Nyakach, walikuja na wazo ambalo halikuwa la semina: mashua ziwe zao. Walianzisha kikundi walichokiita No Sex for Fish, jina lisilohitaji maelezo, chini ya mwenyekiti wao Justine Adhiambo Obura, na wakapata mashua za kwanza kwa msaada wa wafadhili wa Marekani. Wanaume waliajiriwa kuvua. Mashua ikirudi, mwenye samaki alikuwa mama aliyesimama ufuoni na daftari. Hapo mama alipata faida na heshima yake pia, na mvuvi aliyekuwa na kazi ya halali hakukosa chochote cha haki yake. Sijui mfano wa karibu nasi unaoonyesha vizuri zaidi kwamba pesa na utu vinaweza kupanda chombo kimoja.

Lakini simulizi hiyo haikuishia hapo, na wengi wanaoisimulia kwenye mikutano huikatiza mapema. Mashua ya mbao ni mlaji. Inakula mbao, misumari, rangi na pamba ya kuziba nyufa. Nyavu nazo zinachanika. Kufikia mwisho wa muongo huo mashua nyingi za kikundi zilikuwa zimechakaa, zinavuja, nyingine zimelala mchangani. Halafu mwaka 2020 mvua zikazidi, ziwa likapanda kuliko hata kimo kilichowekwa mwaka 1964, na maji yakaimeza Nduru. Nyumba zikaenda. Watu wakahamia kwenye kambi.

Mafuriko hakuna mtu angeyazuia. Uvujaji ni jambo jingine, na hapa sisemi ili kuwalaumu wanawake wa Nduru, walioona mbali kuliko wengi wetu. Nasema kwa sababu ugonjwa huu unaua karibu kila huduma nzuri ninayoijua: kazi haijitengenezei mbao zake yenyewe. Pato la leo linagawanywa leo, kwa kuwa shida ni za leo, na siku chombo kinapotoboka tunarudi kwa mfadhili. Kwa hiyo, kama unaanzisha kitu cha kuwasaidia watu na kukulipa, fungu la ukarabati likatwe kabla ya mgao wowote, hata wako. Liwekwe kwenye akaunti ya sacco ambayo huwezi kutoa pesa zake kwa simu usiku wa manane. Nasema usiku wa manane kwa sababu ndio wakati pesa za ukarabati huliwa.

Kisumu ina ushahidi mwingine wa jambo hili, wa karibuni na wenye uchungu. Tumekuwa mji wa miradi. Kijana aliyetaka mshahara mzuri na kazi ya kusaidia watu alitafuta shirika, akapata kadi ya shingoni, akazunguka na gari jeupe Siaya na Homa Bay, na vijana wengi wa aina hiyo walifanya kazi ya kuokoa maisha kwelikweli. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje. Katika siku chache watu waliokuwa wakihesabu vidonge vya ARV na kuwafuatilia wagonjwa majumbani waliambiwa waache kazi. Mshahara ulikuwa mzuri, huduma ilikuwa ya kweli, na vyote viwili vilikuwa vimening'inia kwenye msumari mmoja ulioko Washington. Ukipata kazi ya namna hiyo, ifanye kwa moyo wote, lakini tumia miaka yake kujijengea ujuzi ambao mtu wa Kondele atakuwa tayari kuulipia kwa mfuko wake.

Bure ina hesabu yake

Sasa turudi kwenye kliniki yako, maana mwezi wa kwanza haujaisha na tayari mlangoni kuna bibi mwenye mjukuu anayechemka homa na hana kitu. Umtibu bure? Ndiyo. Wangapi? Hapo ndipo watu wema hufilisika, na ni kwa sababu hawakushika kalamu.

Tuseme unaona wagonjwa 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kila mmoja akiacha wastani wa shilingi 500. Hao ni wagonjwa 520 na shilingi 260,000. Dawa na vipimo vinakula 110,000. Muuguzi na mhudumu, 70,000. Kodi ya nyumba, umeme na leseni, 30,000. Zimebaki 50,000. Jilipe mshahara wa 40,000, na uandike kwenye daftari kwamba ni mshahara, usiuite faida. Zimebaki 10,000, ambazo ndizo mbao zako: mashine ikiharibika, bati likivuja.

Mgonjwa wa bure anakugharimu kiasi gani? Si 500. Chumba umeshakilipia, muuguzi umeshamlipa. Kinachotoka ni dawa na kipimo, yaani 110,000 gawanya kwa 520, kama shilingi 210. Ukiweka nafasi 20 za bure kwa mwezi, umetumia 4,200, na kliniki inapumua. Ukisema kila asiye na pesa aingie, wakawa wawili kwa siku, hao ni 52, kama shilingi 11,000. Fungu la ukarabati limekwisha na umeanza kula mshahara wako. Baada ya mwaka utafunga, na bibi atakuja na mjukuu akute kufuli. Tofauti ya kliniki inayodumu na inayokufa ni wagonjwa thelathini hivi, na usipoandika huwezi kuwaona.

Kuna mtu aliyeifanya hesabu hii kwa kiwango kikubwa. Daktari Govindappa Venkataswamy alistaafu kazi ya serikali huko India, na mwaka 1976 akafungua hospitali ya macho mjini Madurai akiwa na vitanda 11. Aliiita Aravind. Wenye uwezo walilipa, na pesa zao zikabeba upasuaji wa wasio na uwezo. Siri yake ilikuwa kasi na mpangilio: wauguzi waliofunzwa vizuri walifanya kila kisichohitaji daktari, daktari akabaki na kisu chake, na gharama ya kila jicho ikashuka. Ukishusha gharama yako ya shilingi 210 hadi 150 kwa kununua dawa pamoja na kliniki nyingine tatu, umepata nafasi za wagonjwa wengine wanane wa bure bila kuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti yako. Huko ndiko uhodari ulipo. Machozi mlangoni hayashushi gharama.

Kisha kuna jamaa. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu biashara nyingi za mwambao huu hazikuuawa na ushindani. Zilizikwa pamoja na marehemu. Ukionekana una duka, unaingizwa kwenye makundi ya simu ya matanga matatu kwa wiki. Kila kundi lina mweka hazina anayebandika orodha ya waliotoa, na jina lako linasubiriwa. Kukataa ni aibu, kutoa ni kumla mteja wako wa kesho, maana pesa ulizotoa ndizo za kununulia bidhaa. Fanya hivi. Pesa za biashara ziingie kwenye namba ya till tu, na till isiguse simu yako binafsi ila mara moja kwa mwezi, siku ya mshahara wako. Kutoka kwenye mshahara huo tenga mfuko wa jamaa, kiasi kinachojulikana, na ukiisha tarehe 12 umeisha hadi mwezi ujao. Waambie wazee wa nyumbani mapema, ukiwa umeketi nao, wala si kwa ujumbe wa simu. Jaduong' akishajua kwamba kuna mfuko na una mwisho, mara nyingi yeye ndiye atakayekutetea. Ndugu anayetaka mkopo kutoka kwenye mtaji, mpe kidogo kama zawadi au mwambie hapana. Mkopo kwa ndugu ni njia ya polepole ya kumpoteza ndugu.

Na ukihitaji pesa za watu ili ukue, usiitishe harambee. Jaramogi Oginga Odinga, kabla hajawa mwanasiasa wa kutisha serikali mbili, alikuwa mwalimu Maseno aliyeacha chaki kwa ajili ya kampuni. Mwaka 1947 Luo Thrift and Trading Corporation ilisajiliwa, na yeye akazunguka kuwashawishi watu wa kawaida wanunue hisa, wakati ambapo wengi walikuwa wameaminishwa kwamba duka la maana ni la Mhindi na kiwanda ni cha Mzungu. Kampuni ilikuwa na mtambo wa kuchapa, Ramogi Press, uliochapisha magazeti kwa lugha za wenyeji. Siasa ilikuja kumchukua. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Kinachonivutia ni lile neno hisa. Aliyetoa mchango hana swali la kuuliza mwaka ukiisha. Mwenye hisa analo, na wewe unayejua kwamba ataliuliza utaweka daftari vizuri. Kumfanya jirani awe na haki ya kukuuliza ni huduma kubwa kuliko kumpa unga wa Krismasi.

Sitasema mengi juu ya vizimba vya samaki, ingawa ndiyo biashara inayozungumzwa sana sasa. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu maji yalipokosa hewa, na watu wakapoteza mitaji yao usiku mmoja. Anayeingia huko akumbuke kwamba faida ni yake peke yake ilhali maji ni ya wote. Asibane vizimba, na afuate ushauri wa watu wa uvuvi na BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo wake, kuhusu mahali pa kuviweka.

Kama huna mtaji wa kizimba wala cheti cha udaktari, anza na omena. Uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, na katika miezi hiyo bei hupanda na watoto hukosa kitoweo. Anayenunua omena nzuri mapema, akazikausha juu ya wavu ulioinuliwa badala ya mchangani, akazihifadhi mahali pakavu na kuziuza Mei kwa bei ya wastani, analipwa vizuri kwa kazi ambayo soko linaihitaji kweli. Anayenunua za magendo zilizovuliwa wakati wa kufungwa anakula mbegu ya mwaka ujao, yake na ya wenzake. Nunua mzigo wako wa kwanza Februari, kabla mvua za masika hazijaanza. Na siku unapokwenda kununua gorogoro ya kupimia, pitisha mkono kwenye kitako kabla hujalipa.